Wamama kumi na nne, leso kumi na nne, na Kampala kwa miguu

Mama alinipigia simu usiku, na mama yangu akipiga simu usiku ujue ama kuna msiba ama kuna mambo ya chama. Ilikuwa chama. "Tunakuja huko kwenu, tuko kumi na nne, tutalala siku tatu, wewe ndio utatuzungusha." Hakuniuliza kama nina nafasi, alinipa taarifa tu. Chama chao cha kuchangiana cha Busia, upande wa Kenya, wamekuwa wakichanga tangu mwaka juzi na kila Desemba hununuliana sufuria, sasa safari hii mtu akasema sufuria zimetosha, twende tutembee tuone dunia. Dunia yenyewe ni Kampala, kilomita kama mia mbili kutoka mpakani.

Ukitoa nauli ya kuja na kurudi na pesa ya kulala (walilala hosteli ya kanisa moja upande wa Mengo, vitanda vya ghorofa, maji ya moto ukiamka mapema), kila mama alibaki na shilingi elfu tisini za Uganda za kutumia siku zote hizo. Chakula humo, viingilio humo, nauli za mjini humo. Nikasema haya, itawezekana. Na iliwezekana, lakini siku ya kwanza karibu niiharibu kabisa.

Niliharibu hivi. Mimi naishi Kansanga mwaka wa tano huu na najifanya najua mji, basi nikaandika orodha ya sehemu nane za siku moja, kama mtu anayepanga kufua nguo. Waliingia Jumanne asubuhi. Walivuka mpaka kwa miguu na vitambulisho vyao, wakakodi taksi upande wa Uganda (huku matatu inaitwa taksi, msichanganyikiwe), manake gari la Kenya ukitaka kuingia nalo kuna karatasi na bima ambazo zingekula hela ya siku nzima. Nikawaambia wasiingie mjini kwanza, wapitie Namugongo kwa mashahidi, kwa sababu iko upande huohuo wa barabara ya Jinja. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa lilikuja baada ya hapo, nilipoamua kutoka Namugongo tuvuke mji mzima twende makaburi ya Kasubi mchana huohuo.

Ndugu zangu, jamu ya kutoka Kireka kuingia mjini sitaki hata kuikumbuka. Saa mbili na zaidi. Jua kali, wamama kumi na nne kwenye gari moja, wawili wanataka choo, mmoja ana presha, dereva naye ameanza kunung'unika kwamba mafuta yanaisha na tuongeze pesa. Tukaongeza. Jioni mweka hazina alipopiga hesabu, usafiri wa siku hiyo ulikuwa umekula mara tatu ya viingilio vyote vya safari nzima. Na Kasubi hatukufika, palikuwa pameshafungwa.

Usiku nikachana orodha. Kampala ni mji wa vilima, kila kilima kina jambo lake, na vile vya upande wa magharibi vimekaa karibu karibu kama majirani. Sasa mbona nahangaika na gari? Chukua kilima kimoja asubuhi, telemka, panda kinachofuata, kula, pumzika kwenye kivuli, basi. Kundi kubwa halilipi pesa nyingi kuingia mahali, linalipa pesa nyingi kuhama kutoka mahali.

Kabla sijasahau Namugongo, manake ile asubuhi ilikuwa nzuri kabla sijaivuruga. Wakatoliki kwenye chama ndio walioibeba. Wawili kati yao wamewahi kutembea kwa miguu kutoka Busia mpaka pale kwa ajili ya tarehe 3 Juni, siku ya mashahidi waliouawa 1886 wakati wa Kabaka (yaani mfalme wa Buganda) Mwanga. Wale ishirini na wawili wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu 1964, na lile kanisa la mviringo limezungukwa na nguzo ishirini na mbili, moja kwa kila shahidi. Siku ya kawaida hakuna umati, uwanja ni mpana, kuna maji na miti, na hawa wawili wakawa wanaonyesha wenzao pale walipolala mwaka ule na miguu imevimba. Hakuna mwongozaji angeweza kufanya kazi ile.

Jumatano basi, miguu. Tukaanza Old Kampala, Msikiti wa Taifa, ule ambao mpaka leo kila mtu anauita wa Gaddafi kwa sababu Libya ndiyo iliyotoa pesa za kuumalizia, ukafunguliwa rasmi 2008. Msiende Ijumaa mchana, ni siku ya watu wa sala. Na hapa ndipo leso (kanga) ilipoonyesha kazi yake. Mlangoni wanawake wanapewa vitambaa vya kujifunga na kujifunika kichwa, wageni wengine walikuwa kwenye foleni wanasubiri kufungwa, wamama wangu wakatoa leso kwenye mikoba, moja kiunoni, kitambaa kichwani, dakika moja tayari. Yule dada wa mlangoni akacheka akasema hawa wamezaliwa wamevaa. Leso hiyohiyo tukaikalia mchana, tukafungia chapati, ikafunika mtu mvua iliponyesha kidogo, na pesa zilikuwa zimefungwa kwenye pindo lake safari nzima. Kama unakuja na kundi la akina mama usiwaandikie orodha ya vitu vya kubeba, waambie leso mbili tu.

Mnara una ngazi zaidi ya mia tatu. Mweka hazina alihesabu 296, katibu akahesabu 311, mwongozaji akasema ni 304, na mabishano yale yaliendelea mpaka Busia. Wanne hawakupanda, walibaki chini kwenye zulia, na wenyewe wanadai ndio waliofaidi zaidi. Lakini kule juu, jamani! Mji wote uko miguuni, taksi za Old Taxi Park zimebanana kama siafu, na mwongozaji anakuonyesha kilima baada ya kilima: Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waanglikana, Kibuli ya Waislamu, Mengo ya Kabaka. Ni kama kuonyeshwa ramani kabla ya safari, ndio maana nasema anzeni hapo. Hapohapo kilimani ndipo Lugard, yule kapteni Mwingereza, alipopiga kambi 1890, na jina la Kampala lenyewe wanasema limetoka kwa swala waliokuwa wakila majani sehemu hizo.

Kutoka hapo mpaka Namirembe ni mwendo wa polepole wa nusu saa, kwa wamama wanaosimama kuuliza bei ya kila kitu fanya saa nzima. Pale Waanglikana wa chama wakapata zamu yao. Nje ya kanisa kuna kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga 1885. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akatusimamisha pale akasema mnajua mifupa ya huyu mtu ilikaa kwanza kwetu Mumias ndipo ikaletwa hapa? Kumbe ni kweli, ililetwa Namirembe 1892. Basi wote wakamwangalia Hannington kwa jicho lingine, kama mgeni aliyewahi kulala kwao.

Nikaanza kuona kitu. Kila mahali walikuwa wanatafuta kwao, na kila mahali wakawa wanapaona. Na si ajabu, sehemu zetu za magharibi mwa Kenya zilikuwa Uganda kabisa mpaka 1902, ndipo Mwingereza akasogeza mpaka. Ata neno boda boda limetoka kwetu mpakani Busia, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria, na wamama hawakuacha kijana yeyote wa boda wa Kampala apite bila kumkumbusha.

Chakula tulikula kwenye kibanda chini ya Mengo. Huku ukiagiza chakula unaulizwa chakula gani, yaani matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi, mayuni, na ukisema vyote unaletewa vyote kwenye sahani moja na mchuzi wa karanga juu. Wamama walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akauliza, na ugali wa wimbi? Upo, unaitwa kalo. Ikawa kalo meza nzima, na sahani moja wanakula wawili, kwa hiyo tukatumia chini ya nilivyopanga.

Mchana ule tukatembea ile barabara ya kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, mpaka kwenye lango la ikulu ya Mengo, imenyooka moja kwa moja, katikati kuna mzunguko ambao sisi wote tunazunguka pembeni, ila Kabaka peke yake ndiye anayepita katikati. Wamama walipenda hiyo sana. Ndani ya ua la ikulu hiyo, Lubiri, kuna shimo la Amin, lile ghala la silaha la chini ya ardhi lililogeuzwa mahabusu, vyumba vya zege na maji mbele yake, umeme ndani ya maji. Kuna maandishi ukutani. Nilikuwa nimefikiria kuruka sehemu hii nisiwaharibie siku, wao wakasema twende.

Nusu walikataa kuingia. Shangazi mmoja, mkubwa wa umri kwenye kundi, alisimama mlangoni mkono umeshika ukuta akaanza kusimulia polepole. Kwamba alikuwa msichana 1976, mwaka ule Amin alipotangaza kwamba sehemu za Kenya ni zake, na kwao mpakani watu walilala na viatu. Na hata kabla ya hapo usiku walikuwa wakisikia mtu anagonga, amevuka kutoka Uganda hana kitu, anapewa uji, asubuhi hayupo. "Kuna mmoja aliacha koti lake. Baba alilitunza miaka mingi akisema mwenyewe atarudi." Mwongozaji, kijana mdogo tu, aliacha maelezo yake akakaa chini kusikiliza. Hatukwenda kwingine siku ile. Hata Rubaga iliyokuwa hapo juu tu tuliiacha.

Alhamisi ilikuwa Kasubi asubuhi, safari hii kwa taksi za kawaida za abiria, tukagawanyika saba saba. Makaburi ya makabaka wanne, kuanzia Muteesa wa kwanza, nyumba kubwa ya nyasi iliyoungua Machi 2010 na imejengwa upya kwa kazi ya miaka mingi. Ndani ya paa kuna pete hamsini na mbili, pete kwa kila ukoo wa Buganda. Viatu nje, sketi au leso ni lazima, tena wamama tayari. Walikaa kwenye mkeka vizuri kabisa, wakatazama uezekaji kwa macho ya watu wanaojua kuezeka, wakauliza maswali ya nyasi zinatoka wapi na zinafungwaje mpaka nikaona aibu kwamba mimi nimekuja mara tatu na sijawahi kuuliza.

Mchana hekalu la Wabahai, Kikaaya, na hili ndilo nitakalompeleka kila mgeni mwenye mfuko mwepesi. Halina kiingilio. Kilima kizima ni nyasi na miti mikubwa, nyumba ina pande tisa na milango tisa, kuba la kijani, ilifunguliwa 1961 na ndiyo ya kwanza yao Afrika. Ndani ni kimya, hakuna picha. Nje tukatandika leso, tukala rolex tulizobeba (chapati na mayai jamani, si saa), na wengine wakalala usingizi wa kweli kabisa mpaka saa kumi.

Jumba la makumbusho la Kitante tulilipitia haraka siku hiyohiyo jioni, ni la tangu 1908 na kiingilio ni kidogo hasa ukiwa na kitambulisho cha Afrika Mashariki, lakini wamama waliona vyungu na mitego ya samaki wakasema hivi si viko kwetu jikoni. Wapelekeni watoto wa shule. Na Ggaba pia niliiondoa, mtu wa Busia humwonyeshi Ziwa Victoria ukategemea ashangae.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuondoka, tukapita kwenye mnara wa uhuru pale karibu na Sheraton, mama aliyefungwa fungwa vitambaa amemwinua mtoto juu. Bure, barabarani tu. Nikawaambia aliyeuchonga 1962 ni Gregory Maloba, mtu wa upande wa kwetu. Haikuhitajika maelezo zaidi, picha zilipigwa mpaka simu mbili zikazima.

Halafu soko la Owino. Niliwapa saa moja, walichukua tatu. Nilikuwa na wasiwasi wa Kiswahili, manake kuna wazee hapa mjini ambao Kiswahili bado kinawakumbusha wanajeshi, lakini sokoni watu wa Arua na Wakongo walijibu Kiswahili safi na bei ikashuka. Hakuna aliyeibiwa, pindo la leso hilo.

Njiani kurudi gari likasimama Namawojjolo, vijana wakajaa madirishani na kuku wa vijiti na gonja (ndizi) za kuchoma. Ndipo kosa la mwisho likatokea, kila mtu alinyoosha mkono dirishani kwake na hakuna aliyeandika. Saa nne usiku mweka hazina akatuma hesabu kwenye grupu: zimebaki shilingi elfu arobaini na moja, na kuna gonja tatu hazina mwenyewe. Mpaka leo naandika hivi hakuna aliyejitokeza, na mimi nimeambiwa ninyamaze kwa sababu mmoja wa washukiwa ni mama.