Baraza za Sacramenia, Florida

Nimerudi jioni hii kutoka North Miami Beach, na sitaki kulala kabla sijaandika. Nimekaa muda wa saa mbili nzima kwenye baraza za Mtakatifu Bernardo, za monasteri ya kale: matao ya mawe yanazunguka ua wa bustani, na ndani yake kuna ubaridi hata jua la Florida likiwaka. Niliweka kiganja kwenye ukuta. Jiwe limejaa vishimo, na kingo zake zimelika kama sabuni.

Watawa Wasitoo, shirika la Kikatoliki, walizijenga karne ya 12 huko Sacramenia, mkoa wa Segovia, Hispania, wakasali humo karibu miaka 700. Miaka ya 1830 serikali ikawanyang'anya. Mahali pa sala pakageuka ghala la nafaka na zizi. Mwaka 1925 William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, akazinunua. Zikabomolewa jiwe kwa jiwe, mawe yakatiwa namba, yakafungwa kwa nyasi kavu katika makasha yapata 11,000, yakasafirishwa Marekani.

Nyasi ndizo zilizoleta balaa. Segovia kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na Wamarekani wakahofia mifugo yao. Makasha yakavunjwa, nyasi zikachomwa, kisha mawe yakarudishwa bila kufuata namba. Mimi nimekulia kwenye mifugo. Nimeona ng'ombe akitokwa udenda, hawezi kula wala kutembea, na mnada ukifungwa. Kuchoma nyasi siwalaumu hata kidogo. Lakini kuyarudisha mawe ovyo! Mtu alikaa akaandika namba moja baada ya nyingine, na kazi yake yote ikapotea kwa haraka ya siku chache.

Fedha za Hearst zikayumba, makasha yakalala ghalani Brooklyn, New York, miaka 26. Mwaka 1952, yeye akiwa ameshafariki, wafanyabiashara wawili wakayanunua, na kuyapanga upya mawe huko Florida kukachukua miezi 19 na karibu dola milioni 1.5. Mengine hayakupata pa kuingia kabisa.

Hayo yaliyokosa nafasi ndiyo ninayoyawaza usiku huu. Hayo, na kanisa la watawa wale, maana lenyewe halikusafirishwa. Bado liko Sacramenia, limesimama bila baraza zake. Nataka nifike huko pia, niliguse ukuta wake kwa kiganja hikihiki.