Usiku wa 2.8

Bodi za kielektroniki zilikuwa nne mezani, zimepangwa mstari mmoja: ya kwanza inasikilizana na ya pili tu, ya pili na ya kwanza na ya tatu, hivyo hivyo hadi ya nne. Tulizipa namba 0, 1, 2 na 9. Kazi yao ni kufikia mwafaka kwenye wastani, yaani 3, bila bosi na bila kupayuka redioni ovyo. Bodi hutangaza namba yake pale tu inapoachana na ile iliyoitangaza mwisho kupita kizingiti. Kizingiti kilianza na 1 na kusinyaa kadiri muda ulivyokwenda. Hata barazani asiye na jipya hunyamaza.

Zikakubaliana vizuri kabisa. Kwenye 2.8.

Tulilaumu redio kwanza, maana pakiti ya data ikipotea jirani hubaki na namba iliyochacha mpaka tukio lijalo, yaani tangazo jingine. Tukaunganisha kwa waya: 2.8 ileile. Kumbe kosa lilikaa kwenye mstari mmoja wa msimbo. Ili kujisogeza kuelekea majirani, kila bodi ililinganisha namba yake ya papo hapo na zile walizotangaza wao. Inaonekana busara; mpya unayo, ya zamani ya nini? Lakini hapo jirani anakuhesabu kwa namba moja, wewe unajihesabu kwa nyingine. Anachopata mmoja si anachotoa mwenzake, na jumla ya 12 ikavuja hadi 11.2. Tulipotumia namba iliyotangazwa pande zote mbili, 3 ikarudi.

Likabaki la taa, zile zinazowaka bodi inapotuma. Kuanzia sekunde ya kumi hivi, kila bodi ilituma kila mzunguko, milisekunde 20 kwa 20. Tuliweka alfa, kasi ya kusinyaa kwa kizingiti, kuwa 0.9. Kwa mstari wa bodi nne, tofauti baina yao hupungua kwa kasi ya 0.586 tu, ile lambda ya pili ya matriki ya Laplace, namba inayotokana na jinsi bodi zilivyounganishwa. Kizingiti kinakimbia kuliko mwafaka wenyewe, kwa hiyo kila hatua ndogo inageuka tukio. Watafiti Seyboth, Dimarogonas na Johansson walishaliandika sharti hilo mwaka 2013: alfa iwe chini ya lambda ya pili. Tukashusha alfa hadi 0.4 na kuongeza kwenye kizingiti 0.01 isiyosinyaa kabisa, tukijua itaacha tofauti ndogo mwishoni.

Taa zikaanza kupungua. Ya bodi ya tatu ndiyo iliyozimika mwisho.