Siku moja maabarani: kuhesabu seli zilizouawa na dawa

Saa 2 asubuhi. Bakteria kwanza, maana ratiba yao ndiyo inayobana. Nachukua E. koli wanaoendelea kugawanyika, nalinganisha jinsi wanavyotia maji ukungu na McFarland 0.5, kimiminika cha kulinganishia (takriban bakteria milioni 150 kwa mililita), nazimua mara 300 wabaki laki 5 kwa mililita, kisha ampisilini inaingia. Dawa hii haivunji ukuta wa bakteria; inazuia tu viungo vipya vya ukuta huo visifungwe. Vimeng'enya vya bakteria mwenyewe vinaendelea kuukata, na shinikizo la ndani linampasua. Ndiyo maana E. koli waliolala usiku kucha bila kukua hawafai: asiyejenga ukuta, ampisilini haimuui.

Saa 4. Sampuli ya kwanza baada ya dawa. Nyingine saa 6 na saa 8. Mikrolita 100, nazimua kumi kwa kumi, napaka kwenye agari, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria. Sahani ya sampuli isiyozimuliwa siiamini sana, kwani dawa iliyobebwa humo huendelea kuua.

Saa 5. Seli za saratani, zilizokaa na sisplatini, dawa ya saratani yenye platinamu, tangu jana saa hizi. Iliyeyushwa kwa maji ya chumvi ya 0.9%, kamwe si DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, ambayo hujishikiza kwenye platinamu na kuidhoofisha dawa. Sisplatini hushika DNA. Uharibifu usiporekebishika, protini iitwayo BAX hutoboa mitokondria, protini nyingine, sitokromu c, huvuja humo, na vimeng'enya viitwavyo kaspesi huibomoa seli kutoka ndani.

Kimiminika cha juu simwagi. Seli zinazokufa huachia chupa na kuelea, kwa hiyo ukikimwaga umetupa jibu lenyewe. Tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli zilizoshika chupa, dakika 2 au 3, basi. Ikizidi inachubua utando na seli hai zinahesabiwa maiti. Naosha mara 2 kwa bafa baridi kuondoa EDTA, kemikali inayokuja na tripsini, kwani hiyo hukamata kalsiamu, na bila kalsiamu aneksini V, protini ya kutia alama, haishiki fosfatidilserini, mafuta ya utando ambayo seli inayokufa huyageuzia nje. Kisha seli laki 1 ndani ya mikrolita 100 za bafa yenye kalsiamu, aneksini mikrolita 5, propidiamu (rangi inayoingia tu kwenye seli yenye utando uliotoboka) mikrolita 5, dakika 15 gizani, naongeza bafa mikrolita 400.

Saa 6:30. Saitomita, mashine inayosoma alama hizo seli moja moja, kabla saa moja haijapita. Aneksini peke yake: seli imeanza kufa. Zote mbili: imeshakufa, ila namna gani hazisemi. Propidiamu peke yake zikiwa nyingi, kwanza nashuku mikono yangu, si dawa.

Saa 8:15. Sahani za mwisho zinaingia nyuzi 35. Kesho, wakibaki 500 au pungufu kwa mililita kati ya laki 5, ampisilini imeua 99.9%.