Nyumba ya Mavyaa

Wiki ya tatu hii niko Lamu likizo, na kila asubuhi mavyaa wangu huninyanyua dakani akanipandisha kuutazama ukuta uleule. Orofa mpya, Mkomani. Mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, chokaa badala ya saruji, maana mji wa kale uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001 na haujengwi ovyo. Kila kiroba kilitoka jeti kwa punda, na punda naye ana nauli yake.

"Mwanangu kanistiri," husema. "Na hakugusa riba. Jasho tupu."

Mimi huitikia alhamdulillahi.

Barua niliifungua kule tunakoishi Marekani, mji wa Kent, karibu na Seattle, jimbo la Washington, nikidhani ni ya umeme. Kadi mbili za mkopo kwa jina la mume wangu peke yake, dola 14,000 na ushei. Hakununua viatu wala simu. Alikuwa akitoa taslimu kwenye mashine ya benki na kutuma nyumbani. Taslimu ya kadi ndiyo mbaya kuliko yote: ada inakatwa papo hapo, na riba inaanza kuhesabika siku hiyohiyo, tofauti na ukinunua dukani. Mwanawe mavyaa, ambaye hata chama cha akiba alikikataa kwa kuogopa riba!

Nikajituliza kwamba jina langu halimo. Mwanasheria wa msaada wa bure akanikata maini kwa upole. Washington ni moja ya majimbo 9 ya Marekani ambako mnachochuma ndani ya ndoa ni chenu nyote wawili, na deni vivyo hivyo. Huchukuliwa kuwa ni la ndoa. Anayekataa ndiye athibitishe. Hata tukiachana na hakimu akambebesha yeye deni lote, benki haifungwi na hukumu hiyo: mali iliyokuwa yetu sote inaweza kufuatwa hata ikiwa mkononi mwangu. Dadangu aliye Columbus, Ohio, alishangaa. Kwao kadi ya jina la mume kwa kawaida ni mzigo wa mume.

Ningeweza kubisha kwamba deni halikuinufaisha ndoa yetu. Lakini nisimame mahakamani niseme nini, kwamba nyumba ninayolala nikija likizo hainihusu?

Ami yangu wa Langoni haelewi kabisa. Kwetu mali ya mke ni ya mke, matunzo ya mke ni juu ya mume, na deni lake analijua yeye na Mola wake. Namwambia, ami, huko nawaogesha wazee wa watu zamu za usiku, na mshahara wangu ndio unaopunguza deni hilo. Anatikisa kichwa, ananiongeza kahawa.

Jana mavyaa kanishika mkono tena, juu. Umebaki mlango, asema, wa nakshi. Fundi kashachagua mti.

"Mwambie mumeo asihangaike. Atume kidogo kidogo tu, kama alivyozoea."