Maparachichi ya kwenye Kosta

Jumamosi nilikuwa natoka Tukuyu narudi Mbeya mjini, Kosta imejaa mpaka mlangoni kama kawaida, na kuna mama kaweka ndoo ya maparachichi pale katikati tunapopita, yale mabichi magumu kama mawe. Tunakaribia Uyole bodaboda kakatiza ghafla, dereva kakanyaga breki zote, ndoo ikalala, maparachichi yakatimka mbele mpaka miguuni kwa dereva. Mama akawaka, "We dereva, unanisukumia maparachichi yangu!" Na dereva naye, "Nimeyasukuma saa ngapi mama, si nimekaa hapa?" Gari zima kicheko, tukaokota, mama akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, yakaisha.

Ila kichwani kwangu hayakuisha, maana dereva alikuwa sahihi. Tuseme tulikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, hiyo ni karibu mita 17 kila sekunde, na maparachichi nayo yalikuwa kwenye mita 17 hizohizo japo ukiyaangalia yametulia tu kwenye ndoo. Breki zikakamata magurudumu, magurudumu yakakamatwa na lami, sisi tukang'ang'ania viti, maparachichi hayakukamatwa na mtu, yakaendelea na safari yake.

Nafika nyumbani namkuta mtoto wa dada, yuko la tano, anakariri eti kani ni msukumo au mvuto. Nikamuuliza, gololi ukiisukuma ukaiachia mbona inasimama? "Nguvu inakuwa imeisha, mjomba." Hilo ndo jibu nililotembea nalo mpaka nimeota ndevu, na wala sio aibu, Aristotle mwenyewe, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliamini kitu hakiendi bila kusukumwa na watu wakamfuata karne na karne, mpaka mwanasayansi Galileo akaja na mipira yake kwenye mbao za mteremko akaonyesha kitu kikishaanza kwenda kinaendelea tu mpaka kikamatwe, halafu mwenzake Newton akaja kuliandika hilo kama sheria mwaka 1687.

Basi tukachukua ubao wa kukatia mboga tukauegemeza kwenye daftari, gololi tukawa tunaiachia kutoka juu palepale kila mara. Kwenye udongo wa uani haikumaliza hata hatua moja, kwenye mkeka ikajikongoja kidogo, kwenye sakafu ya saruji ikapitiliza mpaka chini ya kabati tukaitafuta kwa tochi ya simu. Nikamwambia haya, mteremko ni uleule, sasa nguvu imeishia wapi? Kimya. Halafu, "Kwa hiyo udongo ndo unaikamata?" Ehee! Huo ndo msuguano.

Nikamgusia na mteremko mkali wa Kitonga kule Iringa, kwa nini malori yanashuka kwa gia ndogo. Mvutano wa dunia unalivuta lori mteremko mzima haupumziki, ukitegemea breki tu zinasuguana mpaka zinapata moto na kuacha kushika, na kasi ikiongezeka mara mbili umbali wa kusimama unakuwa kama mara nne. Wale wanaoshuka na nyutro eti wanabana mafuta mi sina la kuwaambia.

Akauliza, na pasipo na msuguano kabisa? Nikamwambia kuna chombo kinaitwa Voyager 1, Marekani walikirusha 1977, mpaka leo kinakata anga na hakuna injini inayokisukuma kwenda mbele. Akafikiri weee, halafu akaniuliza, "Sasa mjomba, hicho breki kitafungia wapi?"

Nikamwambia akalale.