Wali na Chawa

Mwanzoni mwa Machi 2020, kijana mmoja wa kidato cha kwanza, hapa Newala, alisimama kusoma: "I eat rice every day." Kilichotoka ni lice. Yaani anakula chawa. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi mwenye shahada yangu ya ualimu nikacheka nao. Kimakonde hakina r, kina l. Kijana alisema kama ulimi wake ulivyolelewa. Aliketi, na tangu siku hiyo ukimwuliza kitu anatazama dawati.

Tarehe 17 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, jirani yetu wa Ruangwa, akatangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona. Nikafungua grupu la WhatsApp. Darasa lilikuwa na watoto 51, walioingia 14, tena kwa simu za wakubwa. Wengine nyumbani kuna kitochi tu, na hao sikuwapata hata siku moja. Sikuwa na mpango wa maana. Nilipiga picha kurasa za kitabu nikazirusha. Zikala mabando ya watu, mzazi mmoja akajitoa bila kuaga. Ndipo nikahamia kwenye sauti. Sauti ya nusu dakika ni nyepesi, inapita hata kwa mtandao wetu huu, ambao ukisogea ukingoni kule Shimo la Mungu simu inaweza kukukaribisha Msumbiji.

Nikawarekodia r ya Kiingereza: ulimi urudi nyuma kidogo, ncha isiguse popote, ikigusa tu nyuma ya meno ya juu, umeshasema l. Someni, jirekodini, mnitumie.

Siku ya tatu, saa nne usiku, nikakuta sauti kwa namba nisiyoijua. Namba ilikuwa ya mjomba wa yule kijana wa chawa, dereva wa bodaboda. Kwa hiyo simu haipatikani mpaka mwenyewe arudi kutoka kijiweni. Sekunde tisa. Mbuzi analia, mtu mzima anakohoa, halafu: "I eat rice every day." R imevutwa kupita kiasi, lakini r. Juu yake kulikuwa na mistari: ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa. Nikahesabu kumi na moja. Kumbe alikuwa anatuma, anajisikiliza, anafuta, anaanza upya.

Nikapiga.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Mbona darasani husemi hivi?"

Akanyamaza kidogo. "Darasani hakuna pa kufutia, madam."

Nilitaka kumwomba radhi kwa kile kicheko. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi ni shughuli. Nikaishia kumwambia atume na ya kesho.

Tulirudi shuleni tarehe 29 Juni. Nikamwita asome. Dawati, vilevile. Nikamkabidhi simu yangu, nikamwambia aende chini ya mkorosho akajirekodi, afute anavyotaka. Wenzake wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Alikaa huko mpaka nikasahihisha madaftari manne.

Aliporudi nilifungua simu nikitegemea msururu wa majaribio, maana nilisahau kumwonyesha pa kufutia kwenye simu yangu, na nilidhani atashindwa kuipata ile alama ya ndoo. Kulikuwa na rekodi moja. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaiweka simu kwenye dawati la mbele.