Trei ya kitanda cha pili

Nililazwa siku tisa kwa upasuaji wa tumbo, nikiwa nimejiandaa kwa maumivu, kwa usingizi wa mang'amung'amu na kwa kuamshwa alfajiri kupimwa presha. Jambo ambalo sikujiandaa nalo ni chakula kitamu, kwa maana sifa mbaya ya chakula cha hospitali wanaijua hata wale ambao hawajawahi kulazwa.

Siku mbili za mwanzo niliishi kwa dripu na maji ya kunyweshwa kwa kijiko. Siku ya tatu ikaja supu ya mboga iliyochujwa. Chumvi yake ilikuwa ndogo mno, lakini aliyeipika alikuwa amekikaanga kitunguu taratibu hadi kikawa na rangi ya kahawia kabla ya kutia maji, kisha akaikamulia ndimu mwishoni. Harufu yake ilinifikia kabla mfuniko haujaondolewa. Mtu anaweza kusema kwamba njaa ndiyo iliyoikoleza, nami sitabisha sana, ila siku ya saba njaa ilikuwa imekwisha na bado nilikuwa nikiitegea sikio toroli ya chakula. Hebu fikiria kazi yenyewe: jiko moja linapikia mamia ya watu, huyu hatakiwi kula sukari, yule chumvi, wa tatu hawezi kutafuna, na wengi wao dawa zimewaachia ladha ya chuma mdomoni.

Ustadi huu una historia. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, ambapo Uingereza na washirika wake walipigana na Urusi, mpishi Mfaransa Alexis Soyer, aliyekwisha kujijengea jina London, alikwenda kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul nchini Uturuki, alikokuwa akihudumu muuguzi Mwingereza Florence Nightingale. Alikuta nyama inachemshwa na maji yake yanamwagwa, akaagiza maji hayo yawe supu. Nightingale naye aliandika mwaka 1859 kwamba wagonjwa kwa maelfu hushinda na njaa ilhali chakula kipo tele, kwa sababu tu hakuna anayeangalia ni namna gani mgonjwa ataweza kukila. Nilidhani hayo ni mambo ya kale, hadi nilipomtazama vizuri jirani yangu wa kitanda cha pili.

Alikuwa mzee mpole, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye vidole. Kwa siku nzima trei yake ilirudi jikoni kama ilivyokuja, nami nikajisemea kwamba hana hamu ya kula. Kumbe mfuniko ulikuwa umekaza, hakuweza kuufungua kwa mkono mmoja, na aliona haya kubonyeza kengele kwa jambo dogo kama hilo. Nimesoma baadaye kwamba baadhi ya hospitali za Uingereza huwawekea wagonjwa wanaohitaji kusaidiwa kula trei nyekundu, ili asiyekula asidhaniwe kuwa ameshiba. Ni utaratibu rahisi hadi unakera kwamba haupo kila mahali.

Kuanzia hapo nilikuwa nikijikokota hadi kwenye kiti kilicho kando ya kitanda chake, mkono mmoja ukishika nyuzi za tumboni. Nilimfungulia mfuniko na kummenyea chungwa, naye alikataa katakata kuanza kabla sijakaa. "Leo umeandikiwa nini, mwanangu?" aliniuliza kila mara, kisha tukalinganisha vikaratasi vya trei zetu. Kuonjeshana chakula hatukuruhusiwa, maana yeye alikuwa wa bila sukari na mimi wa chakula laini, kwa hiyo hatukuwahi kula chakula kimoja hata siku moja. Hata hivyo sahani yake ilianza kurudi tupu, na yangu vilevile. Watafiti waliowalinganisha wagonjwa wazee wanaokula pamoja mezani na wanaokula peke yao vitandani waliona kwamba wa mezani hula zaidi, nami sikushangaa.

Siku ya tisa daktari aliniruhusu saa tano asubuhi. Nilimuuliza muuguzi kama trei yangu ya mchana ilikwisha kuagizwa; akacheka, akasema kwamba karatasi za kuniruhusu zenyewe hazitakuwa tayari kabla ya saa nane. Basi nilibadilisha nguo, nikafunga begi, nikaenda kukaa kwenye kile kiti kusubiri toroli.